Maua Yaliyongoja Saa ya Kumi na Nne

Siku ninayoirudia mara nyingi moyoni, mwanangu uliye mbali, haikuanza na jambo kubwa. Ilikuwa saa nane mchana, jua la Kisumu likichoma mpaka mabati ya jirani yanalia, nami nimeinama katika kitalu changu cha miche kando ya barabara inayoshuka ziwani, nikiyafunika maua kwa magunia. Nilikuwa nikiyalaza. Ndivyo majirani walivyosema, tena bila kunong'ona: "Atieno amelaza watoto wake."

Ngoja nirudi nyuma kidogo, maana nikikuachia hapo utadhani nilikuwa na wazimu. Pengine nilikuwa nao kidogo.

Ilikuwa miaka ya themanini ikielekea ukingoni, nami nilikuwa msichana wa miaka ishirini na mitatu. Kazi ya maua hakuna aliyenifundisha. Nilijifunza katika kitabu cha Kiingereza kisicho na jalada, nilichokiokota kwa wauza vitabu vikuukuu, kurasa zake za mwanzo zimeliwa na mchwa. Kwa sababu sikuwa na mwalimu, niliogopa kila kitu. Mche ukiinama nilihisi umeniinamia mimi. Nilipanga viriba vyangu vya miche kwa kamba, vikae safu moja kama askari wa gwaride, na mche mmoja ukizidi wenzake kimo niliutazama kama mtoto mtukutu. Mnunuzi akija, niliificha nyuma yangu ile miche niliyoiona ina kasoro, na kwa kuwa karibu yote niliiona ina kasoro, wengi waliondoka mikono mitupu. Wanasema mtaka cha uvunguni sharti ainame. Mimi niliinama mpaka nikasahau kusimama.

Nilikuwa na dada mmoja tu, Achieng'. Kwetu sisi Wajaluo mtoto hupewa jina la wakati aliozaliwa. Yeye alizaliwa jua likiwaka, ndiyo maana ya Achieng', mimi nikazaliwa usiku, ndiyo maana ya Atieno. Mama alipenda kuwaambia wageni kwamba yeye hakuzaa mabinti wawili, alizaa siku nzima. Basi nusu ya siku yake, ile ya jua, ilipata nafasi ya kusomea uuguzi Uskoti, huko kaskazini kabisa mwa Uingereza. Tulimsindikiza mpaka stesheni ya reli, akapanda gari la Nairobi, na Mama akabaki amesimama pale hata baada ya wachuuzi wa mayai ya kuchemsha kukunja vikapu vyao. Nilimvuta mkono. Akaniambia, "Niache kidogo. Bado nasikia gari." Mimi sikusikia kitu.

Baada ya mwaka, barua ya Achieng' ilikuja na pakiti ndogo ya mbegu ndani yake, nyeusi, ndogo kama vumbi la tumbaku. Picha ya pakiti ilionyesha ua la manjano lenye jicho jeusi. Aliandika: "Atieno, panda haya mahali Mama atakapoyaona. Yamejaa nje ya bweni letu, na siku hizi jua huku linazama saa nne usiku. Nataka mimi na Mama tuwe tunatazama kitu kimoja."

Nilipomsomea Mama maneno hayo, aliishika ile pakiti, akaitikisa sikioni, akanirudishia. "Panda," akasema. "Nikae nikiangalia anachoangalia."

Unaona mzigo niliotwishwa, mwanangu? Kwa mtu mwingine hizo zilikuwa mbegu tu. Kwangu ulikuwa mtihani. Nilikimbilia kitabu changu na nikalipata ua lile katika ukurasa uliochanika nusu. Palikuwa na orodha fupi: udongo, maji, nafasi kati ya mche na mche. Kisha: mwanga, saa 14. Basi. Sentensi iliyofuata ilikuwa imeliwa na mchwa.

Sasa nikupe kosa langu, na ukicheka sitakulaumu. Marehemu baba alikuwa karani bandarini Kisumu, enzi za meli za ziwani. Katika ratiba zao saa zilihesabiwa mpaka ishirini na nne. Tangu utotoni nilijua kwamba meli ikiandikiwa saa 14 inang'oa nanga saa nane mchana. Kwa hiyo niliposoma "mwanga, saa 14," sikujiuliza mara mbili. Nilielewa kwamba ua hili lipewe mwanga mpaka saa nane mchana, kisha lifunikwe. Nikajiona nimegundua siri. Nikanunua magunia, nikayapasua, nikayalowesha ili yasiunguze majani. Kila siku, saa nane kamili kwa redio, niliyafunika maua ya dada yangu, na kuyafunua kesho yake alfajiri. Sikukosa hata Krismasi.

Miche iliota vizuri. Ikatoa majani mapana yenye manyoya, yakalala chini yamezunguka kama sahani. Nikangoja kikonyo kisimame. Hakikusimama. Miezi mitatu, minne, majani tu, kama sukuma wiki iliyokataa kwenda shule. Niliing'oa yote nikapanda upya. Nikabadilisha udongo, nikachota wa kichuguu, nikachanganya samadi, nikapunguza samadi. Nikaing'oa tena. Katika vitalu vya wenzangu marigoldi na zinia zilikuwa zikichanua ovyo, hata zile zilizoangukia mtaroni, na mimi niliziona kama zinanizomea.

Mama alikuwa akiishi kwetu Ahero, katika tambarare ya Kano, penye mashamba ya mpunga. Maji ya mafuriko yakiingia nyumbani, na yaliingia karibu kila masika, alikuja kukaa nami mjini, mtaa wa Kondele, katika chumba changu na nusu. Hapo ndipo shida yangu ilipokuwa inaota pembe, kwa maana kila asubuhi aliuliza, "Leo tunaenda kuona maua ya Achieng'?"

"Bado, Mama. Hayajawa tayari."

"Nitayaona yakiwa hayako tayari."

"Ngoja kidogo tu."

Sikutaka aone majani. Nilitaka siku atakapofika asimame mbele ya kitanda kizima cha manjano, aweke mkono mdomoni. Hiyo picha niliipamba kichwani mpaka ikanitawala.

Na sasa, mwanangu, nifike mahali ambapo hata leo kalamu yangu inakuwa nzito. Mama hakujua kusoma wala kuandika. Mimi ndiye niliyekuwa jicho lake na mkono wake. Alikaa kwenye kigoda, akaniambia la kumwandikia Achieng', nami niliandika. Siku moja alisema, "Mwambie maua yake sijayaona bado, lakini nangoja." Kalamu yangu ikaandika: "Maua yako yamechanua, mwanangu. Nayatazama kila asubuhi na moyo wangu umetulia."

Sijui mkono ulifanyaje. Nilijiambia ni uongo wa wiki chache, yatakapochanua utakuwa ukweli. Lakini njia ya mwongo ni fupi, na ufupi wake ndio unaomfanya airudie kila siku. Achieng' alijibu kwa furaha kubwa, akaomba picha; mistari hiyo niliiruka nilipomsomea Mama. Nikaandika kwa sauti ya Mama kwamba mpiga picha amesafiri kwenda Busia. Barua iliyofuata mpiga picha alikuwa bado Busia. Mama akisema mguu unamuuma, niliandika ni mzima. Akisema maji yamechukua kuku wote, niliandika masika ni ya baraka. Mwanamke mwenye maua kama yale mlangoni hawezi kuwa na shida nyingi, sivyo? Uongo mmoja ukawa unataka wenzake wa kukaa nao. Miaka miwili niliendelea hivyo. Miwili mizima.

Ndipo ikaja ile siku ya magunia niliyoanza nayo.

Wiki ile alikuwa amehamia jirani yangu mpya, Mzee Obonyo, aliyestaafu kazi ya kutunza bustani za mji, akafungua kitalu chake kidogo kando ya changu. Alikuwa mtu wa kukata debe kuukuu liwe chungu cha mche, polepole, bila kujikata. Alinitazama siku tatu nikifunika maua saa nane. Siku ya nne akaweka mkasi chini.

"Nyar Ahero," aliniita, yaani binti wa Ahero, kama wazee wetu wanavyomwita mwanamke kwa kwao. "Hii maua ni mgonjwa?"

"Hapana, Mzee."

"Imefiwa?"

"Hapana."

"Sasa mbona unaifunika shuka mchana hivi?"

Nikamletea kitabu. Nikamweleza habari za saa 14, ratiba za meli na miaka yangu miwili ya magunia, kwa fahari kabisa, kama mtu anayemfundisha mwingine. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akacheka, akacheka mpaka akatafuta debe la kukalia.

"Baba yako alikuwa mtu wa meli," akasema akifuta macho. "Maua haipandi meli. Hiyo kumi na nne si saa ya kuangalia ukutani, mama. Ni ya kuhesabu. Jua litoke mpaka lizame, masaa kumi na nne. Sasa hesabu ya hapa kwetu. Linatoka saa ngapi?"

"Saa kumi na mbili na kitu."

"Linazama?"

"Saa kumi na mbili na kitu."

"Wakati wa Krismasi?"

"Hivyo hivyo."

"Wakati wa masika?"

"Hivyo hivyo, Mzee."

"Basi. Masaa kumi na mbili, na dakika chache za kuokota kuni. Tangu mimi nizaliwe, Kisumu haijawahi kuona mchana wa kumi na nne. Na wewe, ulifika saa nane ukaikatia hata hiyo kidogo. Hiyo maua inajua nini? Inajua baridi imeingia, ilale. Umeiimbia miaka miwili, lala, lala. Imelala."

Nilikaa chini kwenye udongo. Mzee Obonyo aliacha kucheka. Akanieleza taratibu, akichora kwa kijiti, mambo ambayo hakuyasoma popote ila katika kazi yake. Alisema ua halina saa, lakini lina namna yake ya kupima usiku. Kule kaskazini, usiku hupungua majira ya joto yanapofika, na maua ya huko yamezoea kungoja usiku ule mfupi ndipo yasimame na kufunga tumba. Huku kwetu usiku ni ule ule mwaka mzima, kwa hiyo ua la namna ile hukaa chini likingoja ishara isiyokuja. Kuna mengine ni kinyume, yanataka usiku mrefu. Alipokuwa kijana waliotesha maua ya krisanthemu langoni mwa ofisi fulani. Za gizani zikajaa maua, na zile zilizokuwa chini ya taa ya lango, inayowaka mpaka asubuhi, zikabaki majani.

"Mkubwa wangu akasema sina mkono wa maua," akasema. "Mwezi mzima nilikuwa naangalia huu mkono. Nauosha, nauangalia. Kumbe ni taa."

Mwanangu, siwezi kukueleza vizuri nilichosikia moyoni. Kitu kilifunguka, kwa maana nilijua si mimi niliyeyakosesha maua yale kuchanua, hata bila magunia yangu yasingechanua. Na papo hapo kitu kingine kikajifunga, kwa maana aliuliza swali alilostahili kuuliza.

"Ni ya nani?"

"Ya Mama. Dada alimtumia kutoka ng'ambo."

"Na mama amesema nini?"

"Hajayaona."

"Amefariki?"

"Yuko Kondele. Nilikuwa nangoja yachanue kwanza."

Mzee Obonyo aligeuza jani moja kwa kijiti chake. "Mimi nimefanya hii kazi miaka mingi," akasema. "Bustani haina jani bovu ni ya kwenye picha peke yake. Ua halina kosa, na wewe kwa ua huna kosa. Lakini mama kukaa Kondele, umbali wa kutembea, na mtoto wake amemtumia kitu, na wewe umekifunika gunia? Hiyo ni kosa yako. Hiyo usiiweke kwa saa wala kwa mbolea." Akaokota mkasi wake. "Mficha uchi hazai, nyar Ahero."

Methali ile nilikuwa nimeisikia mara nyingi. Siku ile ndiyo niliyoielewa.

Kesho yake asubuhi nilimkodia Mama baiskeli ya abiria, nami nikatembea kando nikimshika mgongo, kwa maana ule mguu niliouandika kuwa mzima haukuwa mzima. Mzee Obonyo alimtolea debe la kukalia. Nikavuta magunia. Palikuwa na majani tu, yamelala chini, mengine yameliwa na konokono. Nikamwambia yote. Kwanza habari za maua, kwa sababu ndizo zilizokuwa rahisi. Kisha habari za barua.

Mama alizungumza nami kwa Kijaluo, ninakutafsiria. Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza.

"Kwa hiyo," akasema mwishowe, "hii miaka miwili Achieng' amekuwa akiongea na nani?"

Nilianza kuyakunja magunia.

Aliinama kwa shida, akapapasa jani moja, akalipapasa tena kinyume. "Ni kama ulimi wa ndama," akasema. Akauliza kwa nini halichanui, nikamweleza kama nilivyoelezwa, kwamba linangoja mchana mrefu ambao huku haupo. Akageukia lile jambo jingine, lililokuwa limeandikwa wazi katika barua ya kwanza na mimi sikuwahi kulifikiria.

"Jua linakuwako mpaka saa nne usiku? Kweli?"

"Ndiyo, Mama."

"Mtoto akizaliwa huko saa hiyo, ataitwa Achieng' au Atieno?"

Mzee Obonyo aliangua kicheko. Mama naye akatabasamu kidogo, lakini macho yake hayakuwa hapo. "Na Achieng' anajuaje wakati wa kulala?" akauliza. "Alikuwa mtoto asiyelala mpaka uzime taa. Nani anamzimia lile jua?"

Akaniagiza karatasi. Tuliandika pale pale, kitabu kisicho na jalada kikiwa meza yetu, na safari hii niliandika kila neno lilivyotoka, hata kikohozi ningekiandika kama kingekuwa na herufi. Maua yako hayakuchanua. Majani nimeyagusa leo. Mguu unaniuma. Kuku walikwenda na maji. Atieno alikuwa akibadilisha maneno yangu, nimemwambia aache. Je, unalala?

Barua ya kujibu ilichukua wiki tano au sita. Ilikuwa nene. Niliisoma kwa sauti, na katikati nikashindwa, nikaianza tena. Achieng' aliandika kwamba majira ya baridi ya mwaka uliotangulia mchana wa huko ulikuwa mfupi kiasi cha yeye kuingia wodini gizani na kutoka gizani. Alikuwa ameugua. Alikuwa ameanguka mtihani mmoja. Kwa wiki nyingi alikuwa akilia katika chumba cha kuoshea mashuka, mahali pasipo na dirisha. "Nilitaka kukuambia, Mama," aliandika. "Lakini barua zako zilikuwa na furaha ya maua. Nikaona, mtu aliyetulia hivi nitamletea vipi machozi yangu? Nikawa nakujibu furaha kwa furaha. Sasa umeniuliza kama nalala. Hapana, Mama. Silali vizuri."

Ndivyo ilivyokuwa. Mimi niliyetaka kumpa Mama kitanda cha maua nilimnyima binti yake wakati binti mwenyewe alipokuwa anamhitaji kuliko siku zote. Walipitana katika barua zangu kama watu wawili wanaosalimiana katika giza, kila mmoja akidhani mwenzake ni mgeni.

Tangu hapo waliandikiana ukweli. Barua nyingine zilikuwa malalamiko matupu, za mguu, za mafuriko, za baridi, za nyama isiyo na ladha, na Mama alizipenda kuliko zote. Alinitaka nizisome mara tatu, nne. Mtihani Achieng' aliurudia akapita.

Utaniuliza kama maua yalichanua. Yalichanua. Mzee Obonyo alinishauri niombe ruhusa kwa karakana ya jirani, iliyoacha balbu ikiwaka usiku kucha kwa ajili ya wezi, nikaweka viriba vitatu chini yake. Mwanga ule haukuwa mkali, ila ulitosha kuukata usiku. Ulipoingia mwezi wa pili chini ya balbu, vikonyo vikaanza kusimama, na baada ya wiki nyingine nyingi tukapata maua matatu ya manjano yenye jicho jeusi. Nilikipeleka kiriba kimoja Ahero kwa basi, nimekipakata kama mtoto mchanga, abiria wote wakisogea. Mama alikuwa akianika mpunga. Akalitazama lile ua upande huu, akalitazama upande ule.

"Kumbe ni hili?" akasema. "Si ni alizeti ndogo tu?"

Akaliweka kivulini asilikanyage kuku, akakaa, akanyoosha mguu wake. "Barua mpya iko?" akauliza. "Nisomee."

Mama alitutoka katika miaka ya tisini, masika. Achieng' alifika siku ya tatu baada ya maziko, na alirudi tena huko, kwa maana alikuwa ameshaolewa na kupata watoto wa huko. Sasa ni bibi kama mimi. Tunaongea kwa simu Jumapili. Nina kitalu kikubwa, mwanangu, watu wanatoka mpaka Awasi kuja kuchukua miche, lakini ningekitoa chote, udongo na viriba vyake, nipewe barua moja tu ya kweli ya ile miaka miwili. Nijue Mama alisema nini hasa jioni zile alipozungumza nami nikaandika mengine. Maneno mengine nimeyasahau. Yalipita mkononi mwangu na sikuyaandika, na hakuna mwingine aliyeyasikia.

Sikiliza basi, wewe uliye kijana kama nilivyokuwa, mwenye roho inayojipima kila saa. Kitu kisipochanua mkononi mwako, usikimbilie kujilaumu. Uliza kwanza. Kuuliza si ujinga, na mtu aliye kando yako anakata madebe huenda anajua kile ambacho mchwa wamekila katika kitabu chako. Huenda kitu hicho kilizaliwa kwa siku za nchi nyingine, na hizi zetu hazikitoshi, na hakuna mkono wala mbolea itakayozirefusha. Panda na yale yanayotosheka na siku tulizopewa, usiyadharau kwa kuwa yanachanua hata mtaroni.

Lakini la pili ndilo ninalotaka ulibebe hata ukilisahau hilo la kwanza. Wanaokupenda hawangoji ua. Waonyeshe jani. Jani lililoliwa na konokono, jani lililolala chini, waonyeshe. Ukimficha mtu udhaifu wako mpaka utengemae, unamnyima nafsi yako, na pia unamfundisha kukuficha wake. Na maneno ya mtu akikukabidhi uyafikishe, yafikishe yakiwa na vumbi lake.

Mungu akupe kazi inayokupenda, na mzee asiyeogopa kukucheka. Akupe mtu wa kumwambia kwamba leo si vizuri, na masikio ya kusikia anapokuambia hivyo yeye. Uliye mbali na kwenu, ulale salama huko uliko, na walio nyumbani wajue ulivyo kweli. Amina, mwanangu.